Ndiva si bwawa tu: mchoraji afundishwe kusimulia

Tuseme mswada wa hadithi ya watoto una sentensi hii fupi: alfajiri mzee alizibua ndiva, maji yakaanza kushuka. Mpe mchoraji wa Dar es Salaam ambaye Same ameiona kupitia dirisha la basi la Arusha tu. Atatafuta neno hilo asilipate, atauliza, ataambiwa ni bwawa. Basi atachora bwawa: maji mapana ya samawati, bata wawili, mwembe pembeni, mzee kashika jembe. Picha itapendeza na hadithi itakuwa imeharibika. Ndiva ya Upareni ni birika la udongo na mawe lililojengwa ubavuni mwa mlima, likakusanya maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi lizibuliwe na maji yashuke kwa nguvu mferejini hadi kwenye shamba la mwenye zamu. Ndani ya neno hilo moja kuna zamu, kuna anayesubiri, kuna makubaliano kati ya walio juu na walio chini, na kuna shamba la mwisho wa mfereji ambalo maji hulifikia yakiwa yamepungua. Mchoraji anayeyajua hayo hahitaji mwandishi amwongezee neno. Atachora mzee akizibua, na mbali kule chini, mdogo kama punje, mama aliyesimama na jembe begani akitazama juu. Mtoto anayesoma atatambua mwenyewe kwamba huyo ndiye mwenye shamba la mwisho, na atafungua ukurasa unaofuata akiwa na wasiwasi kwa ajili yake.

Hiyo ndiyo kazi ya mchoro katika kitabu, na ndiyo kazi ambayo nchini kwetu haijapewa uzito unaostahili. Tumezoea kuuona mchoro kama pambo. Mwandishi huandika, mhariri husahihisha, na vitabu vikikaribia kwenda mtamboni ndipo mchoraji huitwa, akapewa orodha ya picha zinazotakiwa, mara nyingine bila kuusoma mswada wote, akaambiwa arudishe kazi wiki mbili zijazo. Mtu aliyeitwa hivyo hawezi kusimulia, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani. Anachoweza ni kurudia kwa rangi yale ambayo maneno yameshasema. Ninachodai hapa ni kwamba mchoraji wa vitabu ni msimulizi wa pili, kwamba anapaswa kufundishwa kama msimulizi na si kama fundi wa mistari peke yake, na kwamba mafunzo hayo yaanzie zilipo hadithi. Same na Milima ya Pare, mkoani Kilimanjaro, ni mahali pazuri pa kuyaanzisha.

Nchi yenyewe inamdai mchoraji ajue. Mji wa Same uko tambarare, upande wa magharibi ambao milima imeuzibia mvua, pakavu, pana miiba na vumbi, na reli na barabara kuu zinapita. Panda milimani mwendo wa saa chache uone migomba, ukungu, msitu wa Chome unaoelekea kilele cha Shengena chenye zaidi ya mita 2,400. Shuka upande wa mashariki utakuta tangawizi ya Mamba Miamba na, chini zaidi, mpunga wa Ndungu. Mashariki na kaskazini-mashariki ipo Mkomazi, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Yaani wilaya moja ina nguo za aina tatu, nyumba za aina tatu na mwanga wa aina tatu. Mchoraji anayeandika moyoni mwake "kijiji" kisha akachora kibanda cha nyasi chini ya mbuyu amemdanganya mtoto wa Vudee kuhusu kwao, na amemdanganya mtoto wa Lindi kuhusu Upare.

Zaidi ya nchi kuna historia, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka pande zote za milima hadi Same, makao ya wilaya, kupinga kodi ya ngazi iliyojulikana kwa jina la mbiru. Chini ya kodi hiyo mtu alikadiriwa mali yake, na makadirio hayo wananchi waliyaona ya dhuluma. Hawakuja kupaza sauti siku moja wakarudi. Walikaa, wakapokezana, chakula kikitoka milimani. Baadaye wanawake nao wakaingia barabarani, na mwishowe serikali ya kikoloni ikauacha mfumo ule. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mwenye asili ya Upareni, aliandika kijitabu kizima juu ya mbiru mwaka 1971, miaka miwili baada ya kutoa historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyojengwa juu ya masimulizi ya wazee. Kwa hiyo maandishi tunayo. Ambacho mtoto wa darasa la nne hana ni kitabu cha picha cha tukio hilo, kitabu ambacho angekifungua akauona umati ule.

Sasa fikiri jinsi mchoraji atakavyoonyesha kwamba watu walikaa siku nyingi. Maneno yanasema "walikaa muda mrefu" na yamemaliza. Picha haina neno "muda". Mchoraji asiye na mafunzo atachora umati ule ule mara mbili, kisha ataongeza mabango na mtawala Mzungu aliyekunja uso. Aliyefundishwa atatafuta kitu kinachobadilika. Kwa mfano mafiga: ukurasa wa kwanza moto mmoja, wa pili mioto sita, wa tatu majivu ya zamani yaliyopoa kando ya mioto mipya, na watoto waliokuwa wamebebwa sasa wanacheza kati yake. Ataacha uwanja mpana, mtupu, kati ya baraza la ofisi na mtu wa kwanza aliyeketi, kwa sababu uwanja ule ndio mgogoro wenyewe. Ataulizia walivaa nini mwaka ule wa vita nguo zilipokuwa adimu, walibebea nini chakula chao, nani aliketi mbele. Akikosa jibu la jambo fulani, ataligeuzia mgongo katika mchoro kuliko kulibuni. Kujua nini kichorwe, nini kifichwe na ukurasa ugeuzwe wapi ni elimu, na elimu ya namna hiyo haidondoki kutoka mbinguni.

Mkoa wa Kilimanjaro haukosi mifano ya waliofundishwa kutazama kwao. Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, miongoni mwa waliopita pale baadaye alikuwa Sam Ntiro wa Machame, kisha Elimo Njau wa Marangu. Ntiro alichora mashamba ya migomba na kazi za watu wa kwao hata alipokuwa mbali nao, tena alipokuwa Balozi wa Tanganyika London. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku umo katika Museum of Modern Art, New York. Njau alimaliza mwaka 1959 picha kubwa tano za ukutani katika kanisa kuu la Murang'a, Kenya, akimsimulia Kristo tangu kuzaliwa hadi msalabani, ila akamweka kwenye vilima vya Kikuyu, katikati ya watu wenye sura na mavazi ya pale. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Muumini aliyeingia hakuhitaji mahubiri kuelewa kwamba mateso yale yalikuwa yakizungumzia kilima kilichokuwa nje ya mlango. Huo ni usimulizi kamili, na ulitoka kwa mtu aliyefundishwa vizuri akaachiwa atumie macho yake.

Njia ya pili ya mafunzo ilikuwa ya magazetini. Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na jarida la Sani likawapa wasomaji akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Kizazi kizima cha wachora katuni kilijifunza kwa kuyatazama yale, kuyanakili daftarini, na kutuma kazi kwa mhariri hadi siku moja ikachapwa. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo pale Ardhi kabla ya kuhamia gazeti la Nation, Nairobi, mwaka 1992. Shule hiyo isiyo na jengo imetupa wepesi wa mkono, ucheshi na uwezo wa kusema jambo zito ndani ya fremu moja. Naiheshimu sana. Lakini kitabu cha kurasa 24 kina madai mengine: sura ya binti iwe ile ile tangu jalada hadi mwisho, nyumba isigeuke mlango, na hisia ipande taratibu. Fremu moja haifundishi pumzi ndefu kiasi hicho.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hilo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, uliendesha warsha kwa waandishi, wachoraji na wachapishaji, na ukanunua sehemu ya nakala ili zifike shuleni. Vitabu vingi vya hadithi vyenye picha ambavyo watoto wa miaka ya tisini na elfu mbili walivisoma kwa Kiswahili vilitokana na utaratibu huo. Lakini mfano unaonivutia kuliko yote ni wa John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga mwaka 1966, aliyelelewa kisanaa na wachoraji wa Tingatinga jijini Dar es Salaam. Tingatinga ni shule ya kukaa na fundi: Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 hivi, akafariki 1972, na waliokuwa wakimsaidia wakaendeleza na kuwafundisha wengine. Kilaka hakuishia kwenye kuuza mbao za wanyama kwa watalii. Alirudi vijijini kwao Rukwa, akakaa na wazee, akakusanya ngano zao, kisha akazichora na kuziandika kama vitabu. Kitabu chake kuhusu urafiki wa Panya na Tembo kilipata tuzo ya New Horizons kwenye maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, mwaka 2005. Kilichapwa kwanza kwa Kijerumani, Uswisi. Hadithi ya Sumbawanga ilifika kwa watoto wa Zürich kabla ya kufika Same, na mwenye kosa hapo si Kilaka wala Waswisi.

Kitu cha kuigwa kwa Kilaka ni mpangilio wa kazi yake: kusikiliza kwanza, penseli baadaye. Mafunzo ninayoyaombea Same yangefuata mpangilio huo. Mwanafunzi aanze kwa kumsikiliza msimulizi, bibi wa Mbaga au mhunzi mzee wa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa kufua chuma hata majembe na mikuki yao ikavuka mipaka ya Upare. Asimulie upya alichosikia kwa mdomo wake, mbele ya wenzake, kwa sababu asiyeweza kuisimulia hadithi kwa mdomo hataiweza kwa wino. Kisha aende akaone: achore mvukuto, mkono unaoushika, kivuli cha saa nne asubuhi. Baada ya hapo ndipo aigawe hadithi katika kurasa na kuamua ni tukio lipi listahili picha, kwani mara nyingi tukio kubwa ndilo lisilostahili. Dakika moja kabla yake ndiyo inayomshika msomaji. Ustadi wa mkono, yaani vipimo vya mwili, uwiano wa umbali, rangi na programu za kompyuta, ufundishwe sambamba, ukitumikia haya. Leo tunaufundisha peke yake, pale unapofundishwa.

Watasema kipaji hakifundishwi. Ni kweli kwa kiwango kile kile ambacho ni kweli kwa mwandishi au mwanasoka, na hakuna anayefunga shule za soka kwa sababu hiyo. Wengine watasema kwa uzito zaidi kwamba vitabu vya kiada vya nchi hii ni vya taifa zima, vinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania kwa watoto wa kila pembe, na kuanza kuchora Upare, Ufipa na Umakonde ni kuukaribisha ukabila tulioufukuza. Hoja hii inastahili jibu la heshima, maana umoja wetu haukuja bure. Jibu langu ni kwamba hakuna picha isiyo na mahali. Picha inayodai kuwa ya kila mahali huwa imechorwa kutoka mahali fulani, kwa kawaida pale alipoketi mchoraji, au pabaya zaidi, kutoka picha ya mgeni kuhusu Afrika. Mtoto wa Kilwa akiona ndiva iliyochorwa sawasawa anajifunza kwamba nchi yake ina watu waliojua kugawana maji ya mlima. Wa Same akiona jahazi lililochorwa sawasawa anajifunza kusi na kaskazi. Taifa linajulikana hivyo. Ukabila hukua pale ambapo watu wanajuana kwa mizaha tu, na Wapare wanalijua hilo: wengi nchini wamesikia utani kuhusu ubahili wao, wachache wamesikia kuhusu mbiru.

Kuhusu fedha, sitasema hazihitajiki. Shule zina upungufu wa walimu na madawati, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini tuzungumzie penseli za rangi. Ila mlango umeshafunguliwa na serikali yenyewe: mtaala mpya wa elimu ya msingi una somo la Sanaa na Michezo, na sekondari zina mkondo wa amali. Mwalimu atakuwepo darasani hata hivyo. Swali ni atafundisha nini katika kipindi hicho. Kuchora kikombe na kupaka rangi bendera hakugharimu kidogo kuliko kumwalika mzee mmoja asimulie na watoto kumi na wawili wachore alichosema. Kwa vijana waliomaliza shule, kozi ya miezi mitatu inahitaji chumba, fundi mmoja mzoefu, daftari na nauli ya kupanda milimani. 

Lipo pingamizi jipya, nalo ndilo linalosikika zaidi sasa: ya nini kumfundisha mchoraji wakati akili mnemba inatoa picha kwa sekunde chache, tena bure? Mchapishaji anayebanwa na gharama atashawishika, na simlaumu kwa kushawishika. Lakini programu hizo zinatoa kile zilicholishwa, na zimelishwa intaneti. Kijiji cha Afrika kilichojaa humo ni kile cha vibanda vya duara, mbuyu mmoja na jua jekundu linalotua. Ndiva imo kwa nadra mno. Umati wa mbiru haumo. Programu haiwezi kumuuliza bibi wa Mbaga alibebea nini chakula, na hajawahi kuwapo mama wa shamba la mwisho kwenye hazina yake ya picha. Kadiri picha za bure zinavyozidi kujaa, ndivyo picha iliyotokana na mtu kwenda, kutazama na kusikiliza inavyozidi kuwa na thamani, kwa sharti kwamba tuwe na watu waliofundishwa kuipata. Tusipowafundisha, mashine itakuwa imewashinda watu ambao hatukuwahi kuwapa nafasi ya kushindana.

Mafunzo bila malipo ya haki yatazaa wahitimu watakaoishia kuandika mabango ya maduka. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini si hiyo tunayoizungumzia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda michoro kama inavyolinda maandishi. Hata hivyo desturi iliyoenea katika biashara ya vitabu ni mwandishi kuahidiwa mrabaha na mchoraji kulipwa mkupuo, kisha jina lake likafichwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada au lisiwepo kabisa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imemrudishia mwandishi wa Kiswahili hadhi yake, na ni jambo la kushukuriwa. Marekani wamekuwa wakimpa mchoraji wa vitabu vya watoto medali yake, Caldecott, tangu 1938. Waandaaji wa tuzo yetu waongeze nyanja ya mchoraji, na wachapishaji waweke majina mawili juu ya jalada, kwa herufi zinazolingana. Taasisi ya Elimu nayo imkabidhi mchoraji mswada mzima siku ile ile unapopitishwa, impe nauli, na imruhusu kurudi na kusema: mahali hapa maneno yapunguzwe, picha itasema.

Halmashauri ya Wilaya ya Same inaweza kuanza bila kusubiri Dodoma. Iwakusanye vijana ishirini wenye mkono, iwape daftari, iwapeleke Mbaga, Vudee, Gonja na Chome wakasikilize, na kitabu cha kwanza kiwe cha mbiru. Ifanye hivyo mwaka huu. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi watu waliposhuka Same mwaka 1945 leo ana miaka tisini au zaidi, na yeye ndiye wa mwisho anayeweza kumwambia mchoraji mioto ile ilikuwa mingapi.